Nukta kwenye mizani ya korosho

Msimu uliopita nilikuwa kijijini, wilaya ya Newala, siku dada yangu alipopeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Mwanawe wa darasa la tano ndiye aliyeshika daftari. Gunia la kwanza lilipopandishwa kwenye mizani, kioo kikaonyesha 61.45. La pili likaonyesha 61.5. Nikamuuliza, "Mama, lipi zito?"

"La kwanza, mjomba," akajibu bila kusita. "Arobaini na tano si kubwa kuliko tano?"

Karani wa mizani naye aliandika 61 kwa gunia la kwanza, akaandika 61 kwa la pili, akaita mkulima anayefuata.

Majibu hayo mawili hayajanitoka kichwani. Mtoto aliipa nukta uzito usiokuwa wake, na mtu mzima akainyima uzito wote iliokuwa nao. Nadhani wote wawili wamekosea kwa sababu ileile. Tumewafundisha watu kwamba desimali ni aina nyingine ya namba, yenye kanuni zake za kukariri na siku yake ya mtihani, haihusiani na nusu na robo wanazozijua tangu utotoni. Desimali ni namna ya kuandika tu. Nusu ya kilo ni nusu ya kilo, uiandike 1/2, uiandike 0.5, uiandike asilimia 50. Mikoa yetu ya Mtwara na Lindi inaishi kwa mizani, kwa korosho na ufuta, kwa hiyo jambo hili kwetu linaingia mfukoni moja kwa moja.

Kosa linaanzia mdomoni. Wengi wetu tunasoma 61.45 kuwa "sitini na moja nukta arobaini na tano". Ulimi ukishatamka arobaini na tano, sikio linapokea namba nzima, na mtoto ana haki ya kudhani imeizidi tano. Lakini ile 4 si makumi manne. Ni sehemu nne za kumi, na ile 5 inayofuata ni sehemu tano za mia. Ukitoka kushoto kwenda kulia, kila nafasi thamani yake inagawanywa kwa kumi: mamia, makumi, mamoja, kisha sehemu za kumi, sehemu za mia, sehemu za elfu. Mpango ni uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na kazi ya nukta ni kuonyesha mamoja yamekaa wapi. Mwalimu anayewazoeza wanafunzi kusema "nukta nne tano" amefanya kazi kubwa kabla hajagusa ubao.

Nilimwandikia mpwa wangu 61.45, chini yake nikaandika 61.50, nukta chini ya nukta. Alitazama kidogo, akacheka. Sifuri ile haikuongeza hata punje moja kwenye gunia, ila ilimwonyesha kwamba anazilinganisha sehemu za mia 45 na sehemu za mia 50. Ugumu ni kwamba tangu darasa la kwanza amezoea sifuri ya kulia kuikuza namba: 5 ikawa 50, 50 ikawa 500. Amezoea pia kwamba namba ndefu ndiyo kubwa. Leo mazoea yote mawili yamemgeuka, na hakuna aliyemwambia kwa nini.

Lugha yetu nayo ina mtego mmoja ambao walimu wachache huutaja. Tunasema kuzidisha, na kuzidisha maana yake ni kufanya kitu kizidi. Mtoto anazidisha 8 kwa 0.5, anapata 4, anafuta. Haamini. Anagawanya 8 kwa 0.5, anapata 16, anafuta tena, maana kugawa ni kupunguza. Mtoto wa namna hiyo si mzito wa kuelewa, anakiheshimu Kiswahili chake. Dawa ni kumrudisha kwenye vipimo. Nusu ya pishi nane ni pishi ngapi? Nne. Pishi nane zina visaga vingapi, ikiwa kisaga ni nusu ya pishi? Kumi na sita. Bibi yake angejibu bila karatasi, kwa sababu alijua kwamba kibaba ni robo ya pishi, na kwamba ukipima kwa chombo kidogo utapata hesabu kubwa zaidi.

Sababu nyingine ya ugeni huu ni fedha. Mwaka 1966 Tanzania ilipotoa shilingi yake, ilitoa pamoja nayo sarafu za senti 5, senti 20 na senti 50. Mtoto wa wakati ule alitumwa dukani na thumuni, ndilo jina la sarafu ya senti 50, alijua kwamba shilingi mbili na thumuni ni 2.50, akarudi na chenji iliyokuwa kulia kwa nukta. Sifuri ya mwisho alikutana nayo kaunta, wala haikumsumbua. Senti zilipokosa thamani, desimali zikapoteza duka lake. Mtoto wa leo hajawahi kushika fedha iliyo ndogo kuliko shilingi moja. Anaposoma 0.75 darasani hana kitu cha kuifananisha nacho, labda kioo cha mizani, na huko ndiko karani anakoiruka.

Tusisahau mpaka wetu. Ukisimama ukingoni mwa nyanda za juu za Makonde pale Newala, unaliona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Wenzetu wa kule walirithi uandishi wa Kireno, ambao hutenga maelfu kwa nukta na desimali kwa mkato. Sisi tukiandika 2.500 tunamaanisha mbili na nusu, nao wakiandika 2.500 wanamaanisha elfu mbili na mia tano. Mikorosho ni ileile pande zote mbili za mto, ila mfanyabiashara anayevuka na karatasi bila kulijua hilo anaweza kusoma bei mara elfu moja pungufu ya ilivyo. Nukta ni mapatano ya watu, na mapatano huwa na mipaka.

Inaniuma zaidi kuona tunafundisha desimali kama kitu cha kigeni wakati lugha yetu imeshiba sehemu. Nusu, robo, theluthi, sudusi (sehemu ya sita), thumuni (kwa asili sehemu ya nane): maneno haya yapo pwani hii tangu enzi za majahazi. Ushuru, ambao kila mkulima wa korosho anaujua kwa uchungu, umetokana na neno la Kiarabu la sehemu ya kumi. Waumini wa Ndanda na Masasi wanalijua fungu la kumi. Hiyo ni 0.1, nafasi ya kwanza kabisa baada ya nukta. Na Mwislamu wa Mikindani au Kilwa aliyesoma mlango wa zaka anajua kwamba nafaka iliyonyweshwa na mvua hutolewa ushuri, iliyonyweshwa kwa gharama hutolewa nusu ya ushuri, na fedha hutolewa robo ya ushuri. Ziandike: 0.1, 0.05, 0.025. Somo zima la sehemu za kumi, za mia na za elfu limekaa madrasa, na mtoto yuleyule akiingia darasani mchana anaambiwa leo tunaanza mada mpya.

Historia yenyewe inaonyesha kwamba desimali zilikuzwa na watu wenye shughuli. Mwanahisabati Al-Uqlidisi alizitumia sehemu za kumi katika kitabu alichokiandika Dameski karibu mwaka 952. Al-Kashi wa Samarkand, aliyefariki 1429, alizipanga vizuri zaidi. Ulaya zilienea baada ya Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, kutoa kijitabu mwaka 1585, na alikielekeza waziwazi kwa wapima ardhi, wapima vitambaa, wapima mapipa na wafanyabiashara. Aliwaahidi kwamba wataacha kuhangaika na sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti na kufanya hesabu zote kama wanavyofanya kwa namba nzima. Hiyo ndiyo faida yake kubwa hadi leo. Kujumlisha 3/8 na 2/5 kunataka utafute asili ya pamoja, ambayo ni 40. Kujumlisha 0.375 na 0.4 kunataka upange nukta tu, unapata 0.775.

Lakini faida hiyo ina gharama yake, na hapa ndipo vitabu vyetu vinapopita haraka mno.

Desimali zinajua kugawa kwa kumi, kwa mia, kwa elfu. Kumi ni mbili mara tano. Kwa hiyo sehemu iliyorahisishwa hadi mwisho huishia vizuri kwenye desimali pale tu asili yake inapotokana na 2 na 5 peke yake. Nusu ni 0.5, robo ni 0.25, thumuni ni 0.125, sehemu ya 40 ni 0.025. Zote zinaisha. Theluthi haiishi. Gawanya 1 kwa 3 utapata 0.3333 hadi kalamu ikauke. Sudusi ni 0.1666 na kuendelea. Sehemu ya saba inazungusha tarakimu sita, 142857, kisha inaanza upya. Hakuna kilichoharibika katika namba hizo. Theluthi ni kamili kama nusu ilivyo kamili, ila mwandiko wa kumi hauna nafasi ya kuitosha.

Nitachukua mfano wa mirathi, kwa kuwa huku mikorosho hurithiwa. Mtu amefariki, ameacha mke, mama, baba na mtoto mmoja wa kiume. Ameacha mikorosho 48 inayolingana kwa uzaaji. Kwa sheria ya Kiislamu mke anapata thumuni, mama sudusi, baba sudusi, na mtoto anachukua kilichobaki. Wanazuoni hugawa fungu hili kwa 24, maana 24 inagawanyika kwa 8 na kwa 6: mke 3, mama 4, baba 4, mtoto 13. Kwa mikorosho 48 ni mke 6, mama 8, baba 8, mtoto 26. Jumlisha: 48. Hakuna mti uliopotea wala uliozaliwa.

Sasa mpe hesabu hiyo kijana mwenye simu, aambiwe atumie nafasi mbili za desimali. Mke 0.13, mama 0.17, baba 0.17, mtoto 0.54. Jumla yake ni 1.01. Kwa mikorosho 48 kijana ataigawia familia mikorosho 48.48, yaani karibu nusu mti ambao haupo shambani. Simu haikukosea. Kijana ndiye aliyezikadiria sehemu mapema, kabla ya kuzidisha, bila kujua kwamba tatu kati ya zile nne haziishi, na kwamba ile moja inayoisha, 0.125, nayo ameikadiria. Masheikh waliokaa na 24 walikuwa sahihi zaidi kuliko simu, kwa sababu walichagua mwandiko unaolingana na kazi. Kuelewa desimali ni pamoja na kujua wakati wa kuziacha.

Nirudi kwa karani. Kukata na kukadiria ni vitu viwili, na ghalani vinachanganywa kila siku. Ukikadiria, 61.45 inakuwa 61 na 61.5 inakuwa 62, hivyo mkulima hupoteza hapa akapata pale, na magunia yakiwa mengi makosa hukaribia kufutana. Ukikata, kila gunia linapoteza na hakuna linalopata. Mizani inayosoma kwa hatua za 0.05 inaweza kuonyesha baada ya nukta chochote kuanzia 0 hadi 0.95, kwa hiyo anayekata anaondoa wastani wa kilo 0.475 kwa gunia. Mkulima wa magunia 20 ameacha kilo tisa na nusu. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ile ambayo serikali iliitangaza mwaka 2018 iliponunua korosho yenyewe, hiyo ni shilingi 31,350. Madaftari ya mtoto ya mwaka mzima hayo.

Na kilichokatwa hakiyeyuki. Korosho ziko ndani ya gunia, gunia liko ghalani. Magunia elfu moja yaliyokatwa hivyo yana kilo 475 ambazo ghala linazo na daftari la mkulima yeyote halina, shilingi 1,567,500 kwa bei ileile. Watu wanabishana sana huku kuhusu unyaufu, na wana sababu, kwa maana korosho hukauka na kupungua kweli. Lakini unyaufu na ukataji wa nukta ni hesabu mbili tofauti, na asiyejua desimali hawezi kuzitenganisha. Siamini kwamba yule karani alikuwa na nia ya kuiba. Naamini alifundishwa kwamba kilicho baada ya nukta ni vijisehemu tu. Tangu mwaka 2007, Mtwara ilipoanza kuuza kwa stakabadhi ghalani, karatasi ndiyo korosho ya mkulima. Alichonacho ni kile kilichoandikwa.

Mnunuzi wa mbali, kwa upande wake, haachi hata tarakimu moja. Katika biashara ya kimataifa ubora wa korosho ghafi hupimwa kwa pauni za kiini zinazopatikana baada ya kubangua gunia la kilo 80. Kipimo cha ajabu, pauni juu ya kilo, lakini ndicho kinachotumika. Korosho za pauni 48 zina maana gani kwa mtu wa Tandahimba? Pauni moja ni kilo 0.45359237 kamili, ndivyo ilivyokubaliwa mwaka 1959. Pauni 48 ni kilo 21.77 hivi, ukizigawa kwa 80 unapata 0.272, yaani asilimia 27.2, zaidi kidogo ya robo ya gunia. Maelezo manne ya jambo moja: pauni, kilo, desimali, asilimia. Anayeweza kutoka moja kwenda nyingine anajua kwamba tofauti ya pauni 47 na 48 ni kama kilo 5.67 za kiini kwa kila tani, na anajua kwa nini mnunuzi anaibishania.

Zipo namba nyingine ambazo hata sehemu zinazishindwa. Huku wakulima wengi hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Kwa mtu ambaye hatua yake ni mita 0.9, upande mmoja ni mita 63, na eneo ni mita za mraba 3,969, karibu sana na ekari halisi ambayo ni mita za mraba 4,047 kasoro kidogo. Wazee walipima vizuri. Kosa huingia pale kijana anapoleta utepe na kuzigeuza hatua 70 kuwa mita 70, kisha anapata 4,900, ekari 1.21. Sasa vuta kamba kutoka kona hadi kona ya mraba huo wa mita 70. Kamba itakuwa mita 98.9949 na kuendelea, yaani 70 mara kipeuo cha pili cha 2, na desimali zake haziishi wala hazijirudii kama za theluthi. Hakuna namba nzima mbili duniani ambazo ukizigawanya zitakupa urefu huo kamili, ingawa kamba umeishika mkononi. Za theluthi zina mzunguko, kwa hiyo unaweza kuzirudisha kwenye sehemu. Hizi hazina mzunguko, na unachoweza ni kuzikaribia kadiri kazi inavyotaka. Kwa kuchimba mashimo ya mikorosho, mita 99 zinatosha kabisa.

Ningependa walimu wa darasa la tano Mtwara na Lindi waanzie kwenye mizani na kwenye maneno ya sehemu ambayo watoto wanakuja nayo, wiki nzima, kabla ya kanuni yoyote ya kuhamisha nukta. Haraka yetu ina madhara makubwa kuliko tunavyodhani, kwa sababu miaka miwili mitatu baadaye mtoto anaingia sekondari na hisabati inabadilika lugha. Aliyekariri kwa Kiswahili anakariri upya kwa Kiingereza, na anayejua kwamba 0.25 ni robo ana kitu cha kuvuka nacho. Na vyama vya msingi vibandike ukutani, kwa maandishi makubwa, kwamba uzito utaandikwa kama kioo kinavyosoma.

Jioni ile dada yangu alikuwa na kilo 100 za mahindi za kugawa sawa kwa nyumba tatu. Mpwa wangu alichukua simu, akaandika 33.33 mara tatu, akajumlisha, akapata 99.99. Akaja kwangu na daftari.

"Mjomba, ile moja imekwenda wapi?"

Nikamwambia aongeze 3 moja mwishoni mwa kila moja. Akapata 99.999. Akaongeza nyingine, na nyingine, hadi 9 zikafika pembeni mwa karatasi. Akasema hazitafika mia kamwe ikiwa mtu ataacha kuandika, lakini mahindi yenyewe yanagawanyika, ameyaona. Kisha akafuta mstari wote, akaandika kwa kila nyumba: kilo thelathini na tatu na theluthi.

Dada yangu akachukua kibaba, akaanza kupima.